Vikwazo, Mazungumzo au Bunduki: Ugomvi wa Afrika juu ya Makaburu, na Maana Yake kwa Bunia

Katika mabishano ya Bunia, mji mkuu wa Ituri, juu ya njia ya kumaliza vita vya mashariki ya Kongo, Afrika Kusini haichelewi kutajwa. Anayetaka serikali ikae na waasi husema: hata Mandela alizungumza na Makaburu. Anayetaka wanaowalisha waasi wabanwe hujibu: bila vikwazo, Makaburu wasingemfungulia Mandela mlango wa jela.

Mwaka 2025 uliwapa wabishi hao mengi ya kusema. Mwezi Februari Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2773 likiitaka Rwanda iondoe majeshi yake Kongo, na Marekani ikamwekea vikwazo waziri wa Rwanda James Kabarebe. Mwezi Machi Umoja wa Ulaya ukafuata. Wakati huohuo maaskofu Wakatoliki wa CENCO na wachungaji Waprotestanti wa ECC walikuwa wakizunguka kutafuta mazungumzo ya kitaifa. Tarehe 27 Juni Kinshasa na Kigali zikatia saini makubaliano huko Washington, na tarehe 19 Julai serikali na waasi wa AFC/M23 wakatia saini tamko la kanuni huko Doha. Ituri nayo ilipata kundi jipya la waasi mwaka huohuo: CRP ya Thomas Lubanga, mtu ambaye mahakama ya The Hague ilikwisha kumfunga miaka 14.

Kwa mwananchi wa kawaida haya yote yanachanganya. Leo adui anawekewa vikwazo, kesho anashikwa mkono. Je, ni sera mbili zinazopingana, au ni sera moja? Afrika Kusini inaweza kutoa jibu, ila si kwa namna inavyonukuliwa barazani. Kwa karibu miaka 30 serikali za Afrika zenyewe ziligombana juu ya jinsi ya kuwakabili Makaburu, na Kongo yenyewe, wakati ule ikiitwa Zaire, haikuwa mtazamaji tu.

Chanzo cha ugomvi

Chama cha National kilishika madaraka Pretoria mwaka 1948 na kuugeuza ubaguzi wa rangi kuwa sheria ya nchi: mahali pa kuishi, shule, ndoa, kazi na kura. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville waliokuwa wakiandamana kupinga vitambulisho vya kupitia. Ulikuwa mwaka uleule ambao Kongo na nchi nyingine nyingi za Afrika zilipata uhuru. Hivyo nchi mpya zilizaliwa na swali hili mikononi.

Kwa maneno, hakukuwa na ugomvi. Mwaka 1961 Julius Nyerere alitangaza kwamba Tanganyika isingejiunga na Jumuiya ya Madola kama Afrika Kusini ingebaki ndani, na mwaka huohuo Afrika Kusini ikatoka. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulipoundwa Mei 1963, Kamati yake ya Ukombozi iliwekwa Dar es Salaam. Kila rais aliyesimama Addis Ababa aliulaani ubaguzi.

Ugomvi ulianza pale laana ilipotakiwa igharimu kitu. Ukitaka kujua nchi ilisema nini hasa juu ya Makaburu, angalia kwanza mizigo yake ilipita wapi. Tanzania ilikuwa na bandari yake na haikuihitaji Durban, kwa hiyo iliweza kusema kwa sauti kubwa. Zambia ilizungukwa: shaba yake ilishuka kusini kupitia Rhodesia. Lesotho imezingirwa na Afrika Kusini pande zote. Malawi ilipeleka vijana wake kwa maelfu kwenye migodi ya Johannesburg. Zaire ilikuwa na madini ya Katanga upande mmoja na bahari upande mwingine, na katikati kulikuwa na njia mbovu.

Jaribio la kwanza la kuwa na sauti moja lilikuwa Tamko la Lusaka la Aprili 1969, lililopitishwa na nchi za Afrika Mashariki na Kati, Kongo ya Kinshasa ikiwa miongoni mwao. Malawi ilikataa kulikubali. Tamko lilisema kwamba Afrika ingependelea kuzungumza kuliko kuua. Lakini njia ya amani ikizibwa na wenye mamlaka, basi Afrika itawasaidia wanaopigana. Kila upande ulikuta humo sentensi ya kujitetea nayo. Miaka miwili baadaye, huko Mogadishu, nchi hizohizo zilitamka kwamba njia ya amani imezibwa.

Msimamo wa kwanza: tuzungumze nao

Mtetezi mkubwa wa mazungumzo alikuwa Hastings Kamuzu Banda wa Malawi. Alianzisha uhusiano wa kibalozi na Pretoria mwaka 1967, akapata mikopo iliyosaidia kujenga mji mkuu mpya wa Lilongwe, na mwezi Agosti 1971 akaenda mwenyewe Afrika Kusini kwa ziara ya kiserikali. Félix Houphouët-Boigny wa Ivory Coast alijiunga naye mwishoni mwa mwaka 1970 akiitaka Afrika ijaribu mazungumzo. OAU iliukataa wito huo katikati ya mwaka 1971.

Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema majeshi ya Afrika hayana nguvu za kuing'oa Pretoria, na matusi ya Addis Ababa hayajamtoa hata mfungwa mmoja Robben Island. Mzungu anayeogopa, walisema, hujifungia zaidi. Ukimwonyesha kwamba nchi ya Waafrika inaweza kuwa jirani mwema, hofu yake hupungua.

Hata Kenneth Kaunda wa Zambia, mwenyeji wa makao makuu ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, alijaribu njia hiyo. Tarehe 25 Agosti 1975 yeye na Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, waliwakutanisha Ian Smith wa Rhodesia na wapigania uhuru wa Zimbabwe ndani ya behewa la treni lililosimamishwa katikati ya daraja la Victoria, juu ya mpaka wenyewe. Mkutano ulivunjika bila kuzaa kitu, ingawa ulionyesha kwamba Vorster alikuwa na uwezo wa kumsukuma Smith akitaka.

Udhaifu wa njia hii ulionekana wazi zaidi Nkomati. Tarehe 16 Machi 1984 Samora Machel wa Msumbiji, ambaye nchi yake ilikuwa imechoshwa na vita na njaa, alitia saini mkataba na Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, P. W. Botha: Msumbiji itawazuia wapiganaji wa ANC, na Afrika Kusini itaacha kuwasaidia waasi wa RENAMO. Msumbiji ilitimiza. Mwaka uliofuata, nyaraka zilizokamatwa katika ngome ya RENAMO huko Gorongosa zilithibitisha kwamba msaada wa Makaburu ulikuwa ukiendelea. Mwenye nguvu hakuwa na cha kupoteza kwa kuvunja neno lake, na hapakuwa na mtu wa kumlipisha.

Kasoro ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Katika mazungumzo ya Banda na Vorster, na hata yale ya Machel na Botha, waliozungumziwa hawakuwepo. Watu wa Soweto, mtaa wa weusi wa Johannesburg, na wafungwa wa Robben Island walikuwa mada, hawakuwa wajumbe.

Msimamo wa pili: tuwatenge

Kambi ya vikwazo iliongozwa na Tanzania, Zambia, Nigeria na India. Tayari mwaka 1962 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliwaomba wanachama wakate biashara na Pretoria. Ombi si amri, na washirika wakubwa wa biashara hawakulitii. Ilibidi Soweto iwake moto, Juni 1976, ndipo Baraza la Usalama likaweka marufuku ya lazima ya silaha, mwezi Novemba 1977.

Wapinzani wa vikwazo walikuwa na nguvu. Rais Ronald Reagan wa Marekani, kupitia kwa mwanadiplomasia wake Chester Crocker, alishika sera ya kuishawishi Pretoria kirafiki. Waziri Mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, alishikilia kwamba vikwazo vingewaumiza weusi kwanza, na alikuwa na mashahidi ndani ya Afrika Kusini: mbunge Helen Suzman, aliyeupinga ubaguzi maisha yake yote bungeni, na kiongozi wa Inkatha, Mangosuthu Buthelezi. Upande wa pili walisimama ANC, vyama vya wafanyakazi vya COSATU na Askofu Desmond Tutu. Jibu lao lilikuwa kwamba watu wao wanaumia tayari, na afadhali maumivu yenye mwisho.

Kwa majirani, swali halikuwa la nadharia. Januari 1986 Pretoria iliifungia Lesotho mipaka. Kabla mwezi haujaisha serikali ya Leabua Jonathan ilipinduliwa na jeshi. Agosti mwaka huohuo, baada ya Zambia na Zimbabwe kudai vikwazo mkutanoni London, malori yao yalianza kukaguliwa mpakani kwa mwendo wa kinyonga. Nchi tisa zilikuwa zimeunda SADCC huko Lusaka mwaka 1980 ili kuijengea kusini njia zake zenyewe za reli na bandari, lakini reli haijengwi kwa miaka miwili, na ile ya Benguela na ya Beira zililipuliwa kila zilipofufuka.

Nguvu ya vikwazo ilikuwa kwamba viligusa mfuko wa wale waliokuwa na kura. Udhaifu wake ni kwamba vilivuja. Mafuta yaliendelea kufika kwa bei ya juu, makaa ya mawe yakapata wanunuzi wapya, na kila serikali iliyojitoa sokoni iliacha nafasi kwa isiyo na haya.

Msimamo wa tatu: bunduki

ANC ilianzisha jeshi lake la Umkhonto we Sizwe mwaka 1961. Tanzania iliwapa kambi ya Kongwa, na baadaye Mazimbu, Morogoro, ambako chuo cha Solomon Mahlangu kiliwasomesha watoto wa wakimbizi. Angola iliwapa kambi kuanzia miaka ya 1970. Makubaliano ya New York ya Desemba 1988 yalipowataka waondoke Angola, aliyewapokea alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda, jirani wa Ituri.

Watetezi wa bunduki walisema kwamba hakuna aliye madarakani anayeachia kwa kuombwa. Ni kweli kwamba mapigano ya Cuito Cuanavale ya 1987 na 1988, ambako majeshi ya Angola na Cuba yaliwazuia Makaburu, yaliharakisha uhuru wa Namibia, uliopatikana tarehe 21 Machi 1990. Lakini ndani ya Afrika Kusini, Umkhonto we Sizwe haikuwahi kulitishia jeshi la nchi ile uwanjani.

Bei ililipwa na wenyeji. Makomando walishambulia Matola mwaka 1981 na Maseru mwaka 1982, ambako watu 42 waliuawa, wengi wao wakiwa wakimbizi na raia wa Lesotho. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba kati ya 1980 na 1988 vita na hujuma za Pretoria viligharimu nchi za kusini dola bilioni 60 na maisha ya watu milioni moja na nusu, wengi wao Angola na Msumbiji. Aliyekuwa na msimamo mkali akiwa Addis Ababa au Lagos hakulipa sehemu ya deni hilo.

Zaire: kidole jukwaani, mkono chini ya meza

Mobutu Sese Seko aliulaani ubaguzi kama wenzake. Matendo yake yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1975 Zaire na Afrika Kusini ziliingia vita vya Angola zikiwa upande mmoja, dhidi ya chama cha MPLA: Mobutu akiwabeba wapiganaji wa FNLA, Pretoria ikiwabeba wale wa UNITA. Miaka kumi baadaye, silaha za Marekani kwa ajili ya UNITA zilipita kambi ya Kamina.

Sababu mojawapo ilikuwa siasa za vita baridi. Nyingine ilikuwa reli. Vita vya Angola viliifunga njia ya Benguela mwaka 1975, na shaba ya kampuni ya Gécamines ikabaki na njia mbili kuu. Ya kwanza, iliyoitwa njia ya kitaifa, ilikuwa hivi: shaba inapanda treni Lubumbashi hadi Ilebo, inashushwa na kupakiwa kwenye majahazi ya mto Kasai hadi Kinshasa, inashushwa tena na kupandishwa treni ya pili hadi Matadi. Kupakia na kupakua mara mbili, maji yakipungua mtoni mzigo unasubiri. Ya pili ilishuka moja kwa moja Zambia, Rhodesia, hadi bandari za Afrika Kusini, na mabehewa ya Makaburu yalikuwapo tayari. Sehemu kubwa ya madini ya nchi ilikwenda huko.

Kwa hiyo haikushangaza kwamba Botha, ambaye milango mingi ya Afrika ilikuwa imefungwa kwake, alipokelewa Gbadolite mwezi Oktoba 1988. Agosti 1989 mrithi wake, F. W. de Klerk, alikutana na Mobutu huko Goma, na siku chache baadaye akakutana na Kaunda Livingstone.

Mtu anaweza kumtetea Mobutu kwa kusema kwamba Kaunda naye aliwapokea viongozi wa Makaburu. Tofauti iko katika kilichowekwa mezani. Kaunda aliwahifadhi ANC nyumbani kwake, akabomolewa madaraja, na alipokutana na Pretoria alidai Mandela aachiwe. Mobutu aliuza upatanishi kama bidhaa: Washington imwone wa maana, mikopo isikatike, shaba ipite. Mazungumzo yake hayakumlazimisha Botha kutoa chochote.

Mageuzi nusu: kipimo kilichowagawa wote

Ugomvi ulichacha hasa pale Pretoria ilipoanza kulegeza. Katika kura ya maoni ya Novemba 1983, theluthi mbili ya wapiga kura Wazungu walikubali katiba mpya. Katiba hiyo iliunda bunge la nyumba tatu: wabunge 178 wa Wazungu, 85 wa machotara na 45 wa Wahindi. Ukijumlisha hizo mbili za mwisho unapata 130, hivyo zikiungana na kupiga kura kama mtu mmoja bado hazifiki. Weusi, walio wengi kuliko wote, hawakupewa hata kiti. Machotara na Wahindi wengi walisusia uchaguzi wa Agosti 1984, na muungano wa UDF uliozaliwa mwaka mmoja kabla ukageuza ususiaji huo kuwa harakati ya nchi nzima.

Baadaye ilifutwa sheria iliyokataza ndoa za mchanganyiko, mwaka 1985, na sheria za vitambulisho vya kupitia, mwaka 1986. London na Washington zikauliza: kwa nini kumwadhibu mtu anayebadilika? Lusaka na Dar es Salaam zikajibu kwamba kilichobadilika ni adabu za utawala, wenye utawala ni walewale.

Jumuiya ya Madola ilijaribu kulipima jambo hili papo hapo. Mkutano wa Nassau wa Oktoba 1985 uliunda Kundi la Watu Mashuhuri, chini ya Olusegun Obasanjo wa Nigeria na Malcolm Fraser wa Australia, huku Tanzania ikimtoa John Malecela. Kundi lilizunguka nchi, likamwona Mandela gerezani Pollsmoor, likaandaa mpango: serikali iwaachie wafungwa, ivifungulie vyama na kuondoa majeshi mitaani, ANC isimamishe mapigano. Tarehe 19 Mei 1986, kundi likiwa Cape Town, majeshi ya Botha yalishambulia Harare, Lusaka na Gaborone kwa siku moja. Kundi likafunga virago.

Matokeo yake yalikuwa mgawanyiko wa wazi. Katika Michezo ya Madola ya Edinburgh, Julai 1986, nchi 32 kati ya 59 zilisusia, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Mwezi Agosti, kati ya viongozi saba waliokutana London, sita waliafiki vikwazo vikali na Thatcher akabaki peke yake na hatua za hiari. Oktoba Bunge la Marekani liliipindua kura ya turufu ya Reagan na kupitisha sheria ya vikwazo.

Swali hilo lilirudi mwaka 1990, safari hii gumu zaidi, kwa sababu de Klerk alifanya mageuzi ya kweli: tarehe 2 Februari alivifungulia vyama, na tarehe 11 Mandela akatoka. Thatcher alitaka kulegeza mara moja. Kenya ya Daniel arap Moi ilimpokea de Klerk Nairobi mwezi Juni 1991. ANC ililia kwamba kura bado haijapigwa. Jumuiya ya Madola, ikikutana Harare Oktoba 1991, ilichagua ngazi: marufuku ya safari na mawasiliano ya watu yaondoke kwanza, ya fedha yangoje makubaliano ya serikali ya mpito, ya silaha yawe ya mwisho. Mandela aliomba vikwazo vya uchumi viondolewe Septemba 1993, na marufuku ya silaha iliondolewa Mei 1994, baada ya uchaguzi.

Nani alikuwa sahihi?

Wanaosema vikwazo ndivyo vilivyoangusha ubaguzi wanapaswa kueleza kwa nini biashara iliendelea hadi mwisho. Wanaosema mazungumzo ndiyo yaliyouangusha wanapaswa kueleza kwa nini mazungumzo ya 1971, 1975 na 1984 hayakuuangusha. Na kwa vyovyote wakazi wa mitaa ya weusi walifanya zaidi ya wageni wote: migomo na maasi ya 1984 hadi 1986 yaliifanya nchi isitawalike bila hali ya dharura. Kudhoofika kwa Umoja wa Kisovieti nako kuliwaondolea Makaburu kisingizio cha ukomunisti.

Mfululizo wa mwaka 1985 unafundisha zaidi ya nadharia. Julai, hali ya dharura inatangazwa, na benki ya Chase Manhattan inakataa kuongeza muda wa mikopo. Tarehe 15 Agosti, Botha anahutubia Durban. Dunia inangoja mageuzi, anakataa. Randi inaporomoka na benki nyingine zinadai chao. Mwezi Septemba, mwenyekiti wa Anglo American, Gavin Relly, na matajiri wenzake wanapanda ndege kwenda Mfuwe, Zambia, kukutana na Oliver Tambo wa ANC. Aliyewatayarishia mahali ni Kaunda, yuleyule aliyekuwa akidai vikwazo katika kila jukwaa.

Kutoka hapo mazungumzo ya siri na Mandela yakaanza, na Julai 1989 Botha akanywa naye chai. Shinikizo lilimfanya mwenye nguvu aone faida ya kukaa chini. Mazungumzo yakampa njia ya kutokea. Vikwazo vya fedha, vilivyowagusa wenye nyumba na hisa, vilifanya kazi kuliko marufuku ya biashara kwa jumla. Tamko la Harare la OAU la Agosti 1989 nalo lilisaidia kwa sababu liliorodhesha masharti yanayohesabika: wafungwa, vyama, majeshi, hali ya dharura, kunyonga wapinzani. Kila mtu aliweza kuona lipi limetimizwa na lipi bado.

Inavyogusa Ituri

Wakongo waliijua Afrika Kusini mpya kama mahali pa mazungumzo. Mei 1997 Mandela aliwakutanisha Mobutu na Laurent-Désiré Kabila ndani ya meli karibu na Pointe-Noire. Kuanzia Februari 2002 wajumbe wa Kongo walikaa Sun City, hoteli iliyojengwa ndani ya Bophuthatswana, nchi bandia ya ubaguzi ambayo hakuna taifa jingine duniani lililoitambua. Makubaliano ya mwisho yalitiwa saini huko tarehe 2 Aprili 2003.

Makundi makuu ya Ituri hayakuwa sehemu ya mapatano hayo. Kamati ya kuleta amani Ituri ilikaa Bunia mwezi uleule, majeshi ya Uganda yakaondoka, na Mei mji ukageuka uwanja wa mauaji hadi Umoja wa Ulaya ulipotuma kikosi cha Artemis mwezi Juni. Hata hivyo, makundi yenye silaha hayafanani na watu wa Soweto, na kumpa kiti kila mwenye bunduki ni kuwafundisha vijana kwamba bunduki ndiyo tikiti. Februari 2022 wajumbe wa amani waliotumwa na Kinshasa, Lubanga akiwemo, walitekwa na kundi la waasi la CODECO, walilokwenda kuzungumza nalo. Wanaopaswa kuwa mezani ni wakazi: machifu wa Djugu, Irumu na Mahagi, wakimbizi wa kambi kama Plaine Savo, walioshambuliwa Februari mwaka huohuo, wanawake wa masoko, vyama vya wachimbaji.

Vikwazo navyo vina ramani yake. Bidhaa za Bunia hupita Mahagi, Aru na bandari ndogo za Ziwa Albert kama Kasenyi, zikitoka Kampala na Mombasa. Kumfungia jirani mpaka kungepandisha bei ya mafuta ya gari na saruji Bunia kabla hakujamgusa waziri yeyote. Kumfuata mnunuzi wa dhahabu ni jambo jingine. Machi 2022 Marekani iliiwekea vikwazo African Gold Refinery ya Entebbe, na Machi 2025 Umoja wa Ulaya ukaiwekea Gasabo Gold Refinery ya Kigali. Hatua za aina hii ndizo zinazofanana na zile za benki za 1985, mradi wanunuzi wa Dubai wasiachiwe wazi kama makaa ya mawe ya Makaburu yalivyoachiwa.

Kuna pia suala la mageuzi nusu nyumbani. Ituri na Kivu ya Kaskazini ziko chini ya utawala wa kijeshi, état de siège, tangu tarehe 6 Mei 2021. Meza ya duara ya Kinshasa ya Agosti 2023 iliujadili, na tarehe 12 Oktoba Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba ungelegezwa hatua kwa hatua. Utawala huo si ubaguzi wa rangi, na waliouomba walikuwa na sababu zao. Hata hivyo kipimo kilichotumika Pretoria kinafaa: je, kulegeza kumerudisha uamuzi kwa viongozi wa kuchaguliwa na mahakama za raia, au kumebadilisha saa za kutembea usiku tu?

Kwa muhtasari

Hoja ya mazungumzo bila shinikizo ilijaribiwa na Banda, Machel na Mobutu. Iliwapa mikopo, njia za mizigo na ahadi zilizovunjwa. Hoja ya vikwazo bila mlango wa kutokea ingeweza kuendelea kuvuja kwa miaka mingi zaidi. Hoja ya bunduki ilileta matokeo Namibia kwa gharama ya kutisha kwa Angola na Msumbiji. Kilichofanya kazi kilikuwa shinikizo lililolenga wenye mali, lililofuatwa na mazungumzo yenye masharti yanayohesabika, na kulegezwa kwa ngazi badala ya zawadi ya mkupuo.

Kwa hiyo Washington na Doha hazipingani na vikwazo vya Februari na Machi 2025. Zinaweza kuwa sehemu ya kazi moja. Lakini hilo ni kweli tu iwapo kila kikwazo kitaondolewa kwa sharti lililotimizwa, na iwapo Ituri haitaachwa nje ya chumba kama ilivyoachwa Sun City. Wabunge na mashirika ya raia ya Bunia wanayo haki ya kudai mambo mawili kwa maandishi: orodha ya masharti, na majina ya wale watakaoketi kwa niaba ya wakazi wa Djugu, Irumu, Mahagi, Aru na Mambasa.